Muswada wa uwajibikaji na uratibu wa misaada ya nje: vifungu gani vina meno, vipi ni mapambo?

Kalamu_Nyekundu

Wakuu, heshima kwenu.

Swali langu ni la uandishi wa sheria, si la sera. Sera zipo za kutosha: makubaliano ya kimataifa ya ufanisi wa misaada ya Paris 2005, Accra 2008, Busan 2011, na mikakati kibao ya nchi moja moja. Kazi inaanza pale unapotaka kuyageuza maneno yale kuwa vifungu vinavyombana mtu. Miswada mingi ya misaada inafuata mtindo mmoja: kifungu cha uwazi, kifungu kinachosema wizara na wafadhili "watashirikiana", kisha ripoti ya mwaka kwa Bunge. Sheria inapita, ripoti mbili tatu zinatoka, halafu kimya. Wafadhili watatu wanaendelea kuwafundisha wahudumu walewale wa afya kwa mitaala mitatu tofauti.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwenye haya:

1. Kwa nchi zinazotoa msaada, ni vifungu vya aina gani vimewahi kumbana mtu kweli?
2. Kwa nchi zinazopokea, sheria inamfikiaje mfadhili mwenye kinga ya kidiplomasia?
3. Takwimu: mnazuiaje fedha ileile kuhesabiwa mara tatu?
4. Uratibu unaamrishika kwa sheria, au tunajidanganya?

Nikipata na kifungu kilichoandikwa cha mfano, nitashukuru zaidi.

---

Hoja_Binafsi

Mkuu, nichukue la kwanza, maana ndilo lenye kesi.

Anza na bwawa la Pergau kule Malaysia. Serikali ya Uingereza iliamua kutoa pauni milioni 234 kwa mradi ambao maofisa wake wenyewe wa misaada walishasema haulipi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikatamka kwamba uamuzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Sheria iliyotumika, ya 1980, iliruhusu msaada kwa lengo la kuendeleza nchi au kutunza uchumi wake, na mradi usio na mantiki ya kiuchumi haukuingia humo. Mambo mawili ndiyo yaliyobeba kesi ile: lengo la matumizi ya fedha lilikuwa limewekewa mpaka, na asasi ya kiraia, World Development Movement, ikakubaliwa kuwa na haki ya kusimama mahakamani. Neno "uwajibikaji" halikuhitajika popote. Baadaye sheria ya 2002 ikabana zaidi: waziri lazima aridhike kwamba msaada unaelekea kupunguza umaskini.

Sasa weka kando yake sheria ya Uingereza ya 2015, ile ya asilimia 0.7 ya pato la taifa. Kifungu cha 1 ni kikali, kinamwekea waziri wajibu. Cha 2 kinasema lengo lisipofikiwa, waziri awasilishe maelezo Bungeni. Halafu cha 3 kinafunga mlango: maelezo hayo ndiyo njia pekee ya kumwajibisha, na kushindwa kufikia lengo hakubatilishi chochote kilichofanywa. Matokeo mnayajua. Mwaka 2021 kiwango kilishushwa hadi 0.5, Julai ya mwaka huo wabunge wakayaridhia masharti mapya ya kurudi kwenye 0.7 kwa kura 333 dhidi ya 298, na Februari 2025 serikali ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Sheria yenyewe haijafutwa. Kwa hiyo mkuu, muswada wowote ukiletewa, fungua kwanza kifungu kinachoeleza nini kinatokea wajibu ukivunjwa. Kisipokuwepo, au kikiwa kama hicho cha 3, vingine vyote ni salamu.

Canada wana sheria yao ya 2008. Msaada rasmi lazima utimize vigezo vitatu: uchangie kupunguza umaskini, uzingatie mitazamo ya maskini wenyewe, na uendane na viwango vya kimataifa vya haki za binadamu. Vizuri sana. Lakini kipimo ni maoni ya waziri kwamba vigezo vimetimia. Anayelalamika atakuwa anabishana na maoni ya mtu, si na mradi. Dawa yake ni ndogo tu kwenye uandishi: ongeza kwamba waziri ataandika sababu zake kwa kila msaada unaozidi kiwango fulani, na azichapishe *kabla* fedha haijatoka. Maoni yenye sababu zilizoandikwa yanapimika mahakamani. Yaliyobaki kichwani mwa waziri hayapimiki.

Marekani mwaka 2016 walipitisha sheria ya uwazi na uwajibikaji wa misaada ya nje, iliyosainiwa Julai 15. Hiyo naiheshimu kwa jambo moja: haikusema "taasisi zitafanya tathmini", ilitaka miongozo ya ufuatiliaji na tathmini itoke ndani ya miezi 18, na takwimu za misaada ziwekwe mtandaoni kila robo mwaka. Hata mlango wa siri una utaratibu wake: taarifa ikizuiwa kwa sababu ya usalama wa watekelezaji au maslahi ya taifa, kamati za Bunge lazima zielezwe. Mahali ilipopwaya ni kwenye mwenye takwimu. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na tovuti mbili za serikali ileile, moja ya wizara ya mambo ya nje na nyingine ya USAID, shirika lao la misaada, zenye hesabu zisizolingana, mpaka zilipounganishwa. Ukiandika sheria, taja ofisi moja tu kuwa yenye neno la mwisho kwenye takwimu.

Jambo la mwisho, ili watu wasichanganye. Sheria ya uwazi hailindi fedha isikatwe. Julai 1, 2025 USAID iliacha rasmi kuendesha misaada na kazi zilizobaki zikahamia wizara ya mambo ya nje, na sheria ya 2016 haikuwa na kitu cha kusema juu ya hilo. Ukitaka ulinzi wa aina hiyo, ni kifungu kingine: muda wa taarifa kabla ya kusitisha mradi, na malipo ya kazi ambayo imeshafanyika.

---

Fungu_na_Kasma

Nichukue namba 2, upande wa nchi inayopokea. Hapa wengi wanaandika ndoto.

Huwezi kumwadhibu mfadhili. Ubalozi una kinga ya Mkataba wa Vienna wa 1961, mashirika ya Umoja wa Mataifa yana mkataba wao wa 1946. Zaidi ya hapo, Umoja wa Mataifa wanashikilia kanuni kwamba hesabu zao zinakaguliwa na wakaguzi wao wenyewe tu. Ukiandika "Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu atakagua fedha zote za msaada", kifungu hicho kitakwama siku ya kwanza mlangoni kwa shirika la Umoja wa Mataifa. Andika kinachowezekana: kila makubaliano mapya yatakuwa na sharti la kumpa Mkaguzi Mkuu nakala ya ripoti ya ukaguzi inayohusu nchi hiyo, ndani ya siku kadhaa baada ya kutolewa.

Ambao sheria yako inawafikia ni hawa: maofisa wako, mashirika yaliyosajiliwa kwako, na upendeleo unaoutoa wewe. Huo upendeleo ndio wenye nguvu. Msamaha wa kodi kwa bidhaa za mradi, vibali vya kazi vya wataalamu, ruhusa ya kufungua akaunti. Mradi usiosajiliwa kwenye daftari la Hazina haupati namba, na bila namba hakuna msamaha wa kodi. Mfadhili hatapelekwa mahakamani, lakini mkandarasi wake atampigia simu asubuhi hiyohiyo.

Pili, acheni kuandika "misaada yote itapitia bajeti" kama vile bajeti ni mlango mmoja. Wenye kazi hii wanatenganisha ngazi: msaada uonekane kwenye mpango wa taifa, uonekane kwenye vitabu vya bajeti, upitishwe na Bunge, fedha ipite Hazina, iingie kwenye hesabu za serikali, ikaguliwe, iripotiwe. Mradi unaweza kuwa kwenye vitabu bila shilingi moja kupita Hazina. Kwa msaada wa vitu au wataalamu, kulazimisha upite Hazina ni upuuzi, maana hakuna fedha ya kupitisha, lakini kuonekana kwenye mpango, vitabu na ripoti kunawezekana kabisa. Jedwali la sheria litaje kila aina ya msaada na ngazi zinazoihusu. Usipofanya hivyo, wizara itachukua tafsiri rahisi na msaada wa vitu utapotea wote kwenye takwimu.

Kuna sheria za kuiga. Tanzania tangu 1974 wana sheria ya mikopo, dhamana na misaada, Sura ya 134, inayomweka waziri wa fedha katikati. Ufilipino wana Republic Act 8182 ya 1996, na hapo ndipo pa kujifunza ripoti. Haisemi "ripoti ya utekelezaji". Inaitaka taasisi ya mipango ipitie kila mwaka miradi yote ya misaada na kueleza visababishi vya kuchelewa, vikwazo, gharama zilizozidi *na zinazotarajiwa kuzidi*, na kama mradi bado una maana kuendelea nao, kisha ripoti ifike Bungeni kabla ya Juni 30 kupita. Hilo la gharama zinazotarajiwa kuzidi ndilo linalotisha, kwa sababu afisa analazimika kukiri tatizo kabla halijawa deni. Mikopo pia imewekewa namba: kila mkopo wa aina hiyo uwe na kiwango cha ruzuku (sehemu ya mkopo iliyo sawa na zawadi) kisichopungua asilimia 25, na yote kwa pamoja wastani usiopungua 40.

Mfano wa kifungu ulioomba:

*(1) Afisa Masuuli wa taasisi inayopokea au kusimamia msaada atawasilisha kwa Katibu Mkuu Hazina, ndani ya siku 30 baada ya kuisha kwa kila robo ya mwaka wa kalenda, taarifa ya ahadi, mapokezi na matumizi kwa kila mradi, kwa muundo wa Jedwali la Pili.*

*(2) Endapo taarifa haitawasilishwa, Katibu Mkuu Hazina, ndani ya siku 15 zinazofuata, atachapisha jina la taasisi, la mradi, na idadi ya siku za kuchelewa.*

*(3) Msamaha wa kodi wa mradi ambao taarifa zake hazijawasilishwa kwa robo mbili mfululizo hautahuishwa hadi taarifa hizo ziwasilishwe, isipokuwa kwa dawa, chakula na vifaa vya dharura.*

Ona kwamba nimesema robo ya mwaka wa *kalenda*. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza Oktoba, wa Uingereza na Japani Aprili, wa Afrika Mashariki Julai, wa Umoja wa Ulaya Januari. Ukiomba taarifa "ya mwaka wa fedha" utapokea miaka minne tofauti, halafu mtu ataijumlisha. Robo za kalenda unazipanga upya kuwa mwaka wowote unaoutaka.

---

Msimbo11220

Namba 3 ni yangu.

Kuhesabu mara tatu kunatokana na mnyororo. Chukua mfano: nchi inatoa milioni 10 kwa shirika la Umoja wa Mataifa, shirika linapeleka milioni 9 kwa asasi ya kimataifa, nayo inapeleka 7 kwa asasi za ndani. Kila mmoja akiripoti "tumetoa", daftari linaonyesha milioni 26. Nchi inayopokea ilipata 10, tena humo zimetoka gharama za ofisi za kila ngazi.

Kiwango cha kimataifa cha kuripoti misaada cha IATI, kilichoanzia Accra 2008, kinalitatua hili kama sehemu zake zikijazwa. Kila muamala una aina yake: 1 ni fedha iliyoingia, 2 ahadi, 3 fedha iliyotolewa kwenda kwa mwingine, 4 matumizi ya mwisho. Na kila muamala una nafasi ya namba ya mradi wa aliyetoa na ya aliyepokea. Watu wengi wanajaza kiasi na tarehe, namba za mradi wanaziacha wazi, na hapo mnyororo unakatika. Sheria isitaje kiwango kwa jina na toleo, maana matoleo yanabadilika. Iseme tu kwamba kila taarifa itakuwa na namba ya mradi wa chanzo cha fedha, na taarifa isiyo nayo itahesabika kuwa haijawasilishwa. Muundo uachie kanuni.

Ukitaka jumla ya fedha iliyoingia nchini, jumlisha miamala ambayo mtoaji yuko nje ya nchi na mpokeaji yuko ndani, basi. Ukitaka kujua imefanya nini, chukua matumizi ya mwisho. Ripoti moja isichanganye hizo mbili.

Makosa mengine ninayoyaona mara kwa mara kwenye daftari za misaada:

Ahadi kuchukuliwa kama fedha. Ahadi ya miaka mitano inaandikwa yote mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inaonekana msaada umeporomoka, na waziri anaulizwa maswali yasiyo na msingi.

Sarafu. Taarifa ije kwa sarafu ya muamala pamoja na tarehe yake, na ubadilishaji ufanywe sehemu moja kwa kiwango cha benki kuu cha siku hiyo. Kila mtu akibadilisha kwake, tofauti ya sarafu inageuka "upotevu" kwenye ripoti ya ukaguzi.

Msimbo wa sekta. 11220 ni elimu ya msingi, 12220 huduma za afya za msingi. Mradi wa kulisha wanafunzi na kuwapima afya unaingizwa wote kwenye kimoja. Ruhusu mgawanyo wa asilimia, jumla iwe 100, na mfumo ukatae 99.

Thamani ya vitu. Dawa zilizotolewa bure zinaingizwa kwa bei ya soko la nchi ya mtoaji na mtu mmoja, kwa bei ya manunuzi na mwingine. Taka bei ya ankara, usafirishaji uwe mstari wake.

Na msishangae daftari lenu lisipolingana na takwimu za OECD, shirika la nchi tajiri linalokusanya takwimu za misaada. Zile zinahesabu pia fedha ambayo haitoki nje ya nchi inayotoa, kama gharama za kuwahudumia wakimbizi waliofika huko katika miezi 12 ya kwanza. Uingereza mwaka 2022 ilitumia hivyo takribani pauni bilioni 3.7, asilimia 29 ya msaada wake wote. Yote hayo ni msaada kwenye vitabu, na hakuna nchi inayopokea itakayoyaona.

---

Kalamu_Nyekundu

Asanteni sana wakuu, hasa hicho kifungu na hoja ya msamaha wa kodi. Limebaki la nne. Na je, kiwango cha chini cha kuripoti kiwe kipi? Asasi ndogo zitalia.

---

Meza_ya_Sekta

La nne: ushirikiano hauamrishiki. Kinachoamrishika ni nani anashika fedha na nani anaweza kusema hapana.

Azimio la Paris lilikuwa na malengo ya kupimika kabisa: asilimia 40 ya ziara za wafadhili ziwe za pamoja, vitengo vya miradi vinavyojitegemea vipungue kwa theluthi mbili. Lilipopimwa 2011, kati ya malengo 13 ya mwaka 2010 lilikuwa limefikiwa moja tu, la kuratibu msaada wa kitaalamu, nalo kwa tabu. Wote walikuwa wamesaini. Hakuna aliyekuwa na mamlaka juu ya fungu la mwenzake.

Linganisha na sheria ya Marekani ya UKIMWI ya 2003, iliyozaa PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI nje ya nchi. Ilimweka mratibu mmoja, wa ngazi ya balozi, na kumpa usimamizi wa fedha za UKIMWI za taasisi zote za serikali yao. Taasisi zilipokuwa hazipatani, zilipatana kwa sababu mpango wa nchi ulipitishwa mezani kwake. Lakini sheria ileile ilikosea kwa kupanga mafungu ndani yake: theluthi moja ya fedha za kinga ilitengwa kwa programu za kujizuia hadi ndoa. Nchi ambazo maambukizi yake yalikuwa na sura nyingine zikabanwa nalo, hadi sharti hilo likaondolewa 2008. Sheria impe mtu mamlaka, mgawanyo wa mafungu ubaki kwenye mpango wa mwaka.

Kwa nchi inayopokea, vifungu vitatu nimeona vinaeleweka. Kitengo kipya cha mradi kisianzishwe bila idhini ya maandishi yenye tarehe ya kufungwa na jina la idara itakayorithi kazi. Bila hicho, vitengo vinalipa mishahara mikubwa, vinachota wahasibu bora wa wizara, na mradi ukiisha hakuna aliyebaki kujua mitambo inawashwaje. Cha pili, mfadhili kiongozi kwa kila sekta, na idadi ya juu ya sekta kwa kila mfadhili, vikae kwenye makubaliano na siyo kwenye sheria. Sheria iseme tu kwamba mradi nje ya makubaliano unahitaji sababu za maandishi. Cha tatu, mpimaji huru. Tanzania walifika mbali hapa bila sheria, kuanzia ripoti ya kundi la wataalamu la Helleiner ya 1995 hadi kikundi huru cha ufuatiliaji kilichotoa ripoti 2002, kilichowapima serikali *na* wafadhili. Rwanda nao walijenga jedwali la kila mwaka la kumpima mfadhili mmoja mmoja. Kwenye sheria weka nani anamteua mpimaji, nani anamlipa, na kwamba ripoti inachapishwa siku ileile inayofika serikalini.

Pia pitia sheria nyingine kabla hujaandika yako. Marekani wana sheria za tija, na wakati huohuo sheria ya shehena inayotaka angalau nusu ya tani za msaada wa chakula zisafirishwe na meli za bendera yao. Ilikuwa asilimia 75 hadi 2012. Mratibu hawezi kuratibu kitu ambacho sheria nyingine imeshakiamua.

---

Hoja_Binafsi

Napingana kidogo na Fungu_na_Kasma kwenye kifungu kidogo cha (3). "Vifaa vya dharura" ni mlango mpana mno, kila gari litakuwa la dharura. Weka orodha kwenye Jedwali, na waziri aibadilishe kwa tangazo la gazeti la serikali.

---

Fungu_na_Kasma

Hilo nakubali, orodha iingie.

Kuhusu kiwango cha chini: usiweke kwa ukubwa wa asasi, weka kwa mradi na kwa chanzo. Asasi inayopokea kutoka kwa mtekelezaji mkubwa isiripoti tena kwa Hazina, mkubwa aliyesaini makubaliano aripoti kwa niaba ya mnyororo wote na awajibike kwa makosa yaliyomo. Asasi inayopokea moja kwa moja kutoka nje chini ya kiwango kitakachowekwa na kanuni iripoti mara moja kwa mwaka, ukurasa mmoja. Kiwango chenyewe kisiandikwe kwenye sheria, mfumuko wa bei utakila. Na weka kifungu cha mpito: miradi iliyopo isajiliwe ndani ya miezi sita, robo mbili za kwanza zisiwe na adhabu, ila majina ya wachelewaji yachapishwe tangu robo ya kwanza.